Kipande Namba Kumi na Saba

Ufunguo wa gereji haukuwapo kwenye msumari wake, na Avril Tranter aliligundua hilo kabla hajawasha jiko. Mtu mwingine angeona msumari mtupu tu. Yeye aliona mengine. Alitoka na kandambili zake, nywele timtim, akakanyaga umande wa nyuma ya nyumba mbiombio kama anayefukuzwa, na hakupumua sawasawa mpaka aliposikia vyuma vikigongana ndani ya gereji. Anayegonganisha vyuma yu hai.

Len, mumewe, alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu. Makopo yote ya misumari yalikuwa yamemwagwa. Droo za meza ya kazi zilikuwa zimepinduliwa, na hata kile kikapu cha mipira ya gofu ya marehemu Colin, mtoto wao wa pekee, kilikuwa kimemiminwa chini, kikapu ambacho hakikuguswa na mkono wa mtu kwa miaka kumi na miwili.

"Len, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Umemwaga gereji nzima kwa kutotafuta kitu?"

Mkononi Len alikuwa na mkoba wa ngozi wa kukunja, mkoba wa zana alioachiwa na baba yake. Mifuko tisa, zana nane. Avril alihesabu kwa kutupa jicho tu, maana miaka kumi na moja ya kujitolea kwenye banda la ndege humfunza mtu kuhesabu hata vijiko vya chai vya wageni.

"Ile bisibisi fupi iko wapi?"

Len aliinua uso. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, fundi mstaafu wa mabasi, na asubuhi ile alionekana kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani.

"Avril," alisema, "nadhani imo ndani ya Bikizee."

Bikizee ndilo jina ambalo watu wa kijiji chao, Scarthorpe, waliipa ndege yao ya kivita, Hariken ya kiti kimoja iliyopigana vita vile vikubwa na kurudi na matundu. Baba yake Len alizihudumia ndege za aina hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini. Sasa ilihudumiwa na wastaafu ishirini na watatu wasiolipwa hata nauli, ambao wake zao, kama walikuwa nao, waliwaona wakati wa kula tu. Avril alikata shauri mapema kwamba hatakuwa mmoja wa wake hao. Akaenda bandani yeye mwenyewe. Kwa kuwa nusu ya nyuma ya ndege ile si bati bali ni fito za mbao zilizovikwa kitani, na kitani hakijishoni, akawa mshonaji wake.

Wiki tatu zilizopita alikuwa ameufunga mkia kwa mshono mpya, fundo baada ya fundo, kisha wakaupaka vanishi mpaka ukakaza kama ngoma. Na leo, Jumamosi, saa nane mchana, Bikizee alikuwa apande angani kwa mara ya kwanza tangu baridi iishe.

"Imeingiaje humo bisibisi ya nyumbani?"

"Siku uliyotaka kuufunga mkia, bisibisi ya ubaoni ilikuwa ndefu. Haikuweza kuingia kwenye kile kibanio cha waya. Nikasema, dakika mbili tu."

"Umesema. Wewe."

"Mimi."

*

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba wenyewe. Bandani kulikuwa na ubao mweupe uliochorwa kivuli cheusi cha kila zana. Ukichukua koleo, unatundika mahali pake kipande chako, kisahani cha shaba chenye namba yako. Ndege hairuki mpaka kila kivuli kifunikwe na kila kipande kirudi kwa mwenyewe. Na zana ya nyumbani haivuki kizingiti, hata iwe ya kufungulia soda, kwa sababu ubao hauwezi kuililia zana ambayo hauijui. Aliyeandika sheria hiyo kwa mkono wake, akaibandika mlangoni, ni Len Tranter, kipande namba nne, mwenye ubao.

Walikuwa wamekaa jikoni sasa. Mayai yalipoa kwenye sahani, na mkate wa kuoka ukawa mgumu.

"Nimemulika na tochi," Len alisema. "Jumanne, Jumatano, na jana. Kwa kile kitundu cha ukaguzi. Mpaka fremu ya tisa hakuna kitu."

"Na nyuma ya fremu ya tisa?"

"Huoni."

"Kuna nini nyuma ya fremu ya tisa?"

"Unajua kilichopo. Umekishonea."

"Nataka nikusikie wewe."

Len alisogeza chumvi, akairudisha. "Kuna puli, kigurudumu cha waya wa usukani wa mkia."

"Kitu kikikwama hapo?"

"Avril, tafadhali."

"Kikikwama hapo, Len?"

"Rowena anavuta fimbo ya usukani, na fimbo haiji."

Rowena Haddon ndiye rubani. Ana mapacha wa miaka minne, na Krismasi iliyopita walimchorea Avril kadi yenye ndege ya miguu sita.

"Huenda iliangukia sakafuni," Len alisema, "wakaizoa na takataka."

"Nani alifagia siku hiyo?"

"Mimi."

"Basi nyanyua simu umwambie Gethin. Yeye ndiye mhandisi."

"Nimwambie nini? Mimi niliyemvua Desmond Oakes kipande mbele ya watu wote kwa tambara? Kitambaa cha kufutia mafuta alichokisahau ndani ya ndege, Avril! Ulinisihi siku ile. Ulinivuta shati. Nikakwambia sheria ni sheria."

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Siku ile ilikata mbele tu."

Alisema hivyo kwa hasira, akajuta papo hapo, maana Len aliweka viganja vyote viwili juu ya meza akavitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Sina pengine pa kwenda asubuhi," alisema.

Na Avril akashikwa na baridi ya mwaka ule. Baada ya kumzika Colin, Len alikaa kwenye kiti cha dirishani miezi mitano. Hakunyoa, hakubishana, hakuuliza kuna chakula gani. Siku moja Avril alimkuta ndani ya gari, gereji imefungwa, ufunguo wa gari umo kiganjani, gari halijawashwa. "Nilikuwa nafikiri tu," alimwambia. Hawakulizungumza tena, ila tangu hapo ufunguo wa gereji ulitundikwa jikoni, mbele ya macho ya Avril, naye huuangalia mara nyingi kuliko saa. Halafu Gethin Pugh, asiyewajua wala kujulikana, akabisha hodi na pampu ya mafuta aliyoifunga kwenye gazeti. "Nasikia humu mna fundi," alisema. Len akatoka kitini. Madaktari wawili na kasisi mmoja walikuwa wameshindwa, pampu mbovu ikaweza.

"Nitasema," Len alisema akinyanyuka. "Kabla hajawasha. Niachie mwenyewe, nitasema."

"Kweli?"

"Nimekwambia nitasema."

*

Saa saba watu wa kijiji walikuwa wameshajipanga kwenye ua wa uwanja wa ndege na viti vyao vya kukunja, chupa za chai na mbwa wao. Desmond Oakes naye alikuwepo, peke yake mwishoni mwa ua, amevaa koti lake la zamani la kupelekea barua. Mwaka mzima alikuwa hajawasalimu. Dukani wakikutana yeye hugeukia rafu ya sabuni.

Ndani ya banda Len aliita hesabu. Avril alisimama kando na kopo lake la sindano, sindano saba zikiwa saba, akamtazama mumewe mdomoni.

"Spana, kuanzia ndogo?"

"Zipo zote."

"Koleo?"

"Zipo."

"Bisibisi?"

Avril akasema moyoni, sasa. Sema sasa, baba, ni neno moja tu.

"Zipo," aliitikia mwenzao.

"Tochi?"

Akaendelea. Akapita tochi, akapita nyundo za mpira, akafika mwisho. "Ubao umetimia," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha mkewe kuliko kama angelia. Akachukua kalamu, akatia saini. Kisha akaenda upande wa pili wa ndege na kujifanya anakagua gurudumu.

Gethin Pugh, mhandisi mkuu, mtu wa Wales mwenye nyusi nene na maneno machache, aliitia saini yake chini ya ile ya Len. Ndege ikawa imeruhusiwa.

Avril alimfuata mumewe. "Len."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Anavaa glavu."

"Huenda haimo, Avril. Ukipiga hesabu, huenda haimo."

"Angalia uso wangu uniambie hivyo."

Hakuuangalia. Alikuwa anafuta gurudumu lisilo na vumbi, anazungusha kitambaa palepale, palepale. Avril aliona kwamba mtu huyu hatasema. Si kwamba hataki. Hawezi, kama mtu asiyejua kuogelea aliyeambiwa ajitose. Na kama hatasema, Rowena atapanda. Na akisema Avril kwa niaba yake, jioni ya leo kiti cha dirishani kitampata mtu wake, au gereji itampata.

Basi Rowena akaja. Mwanamke mrefu, kicheko kingi, kofia ya ngozi imening'inia shingoni. Kwa Bikizee palikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyejua ilianzaje. Rubani hapandi kabla hajaupiga mkia makofi mawili na kumuuliza mshonaji.

"Imeshonwa?" Rowena aliuliza, akiupiga mkia, pu, pu.

Jibu ni moja tu: imeshonwa, nenda urudi. Avril alikuwa amelitoa mara mia, akiwa na mafua, akiwa na hasira, hata siku ya kumbukumbu ya kifo cha mwanawe. Wastaafu waliozunguka walikuwa wanatabasamu, wanalingoja. Akafungua kinywa.

"Hapana," alisema.

Rowena alicheka. "Jamani Avril, usinifanyie utani leo."

"Haikushonwa. Niliruka mafundo."

Tabasamu ziliondoka moja moja. Gethin akasogea. "Unasema nini?"

"Mkiani, nyuma ya fremu ya tisa. Mikono ilikuwa inauma, nikaruka mafundo, nikafunika na utepe ili usione. Inabidi kukatwa."

"Niliukagua mshono ule mwenyewe."

"Ulikagua ule uliouona."

"Avril, kuna watu mia mbili nje. Umelala na jambo hili wiki tatu?"

"Nimelala nalo. Nipe ruhusa nikate."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lo, na tulivyomwamini," na mwingine akaguna. Avril hakugeuka. Akatembea mpaka kwenye ubao, akachukua mkasi wa kitani, akatundika kipande chake namba kumi na saba kwenye kivuli cha mkasi. Hata katika uongo wake alifuata sheria.

Kitani kilichokazwa kikikatwa hulia. Kilitoa mlio wa ngoma inayopasuka, na harufu ya vanishi, tamu kama peremende, ikajaa banda. Alikata urefu wa mkono mzima, kisha mwingine, akakunja ngozi ile pembeni. Kazi ya siku kumi na tisa. Na mafundo yake yakawa wazi mbele ya macho ya kila mtu, yamepangana kama punje za mahindi, hakuna hata moja lililorukwa.

Gethin aliyatazama, akamtazama yeye. Akatia mkono ndani mpaka begani, akapapasa, uso umeelekea dari kama mtu anayesali. Ukasikika mkwaruzo. Mkono ukatoka na bisibisi fupi, mpini wake wa mti una doa jeupe la rangi ya miaka mingi.

"Ilikuwa wapi?" Rowena aliuliza.

"Imeilalia puli."

"Ingebana lini?"

"Si ardhini," Gethin alisema polepole. "Hata wakati wa kupaa isingebana. Ukiwa juu, ukivuta kwa nguvu."

Rowena alivua glavu, kidole kimoja kimoja, akakaa juu ya sanduku la zana. Nje mbwa mmoja alikuwa anabweka na mtu anamwambia nyamaza.

"Hii haipo kwenye ubao wetu," Gethin alisema. "Ya nani?"

Len alikuwa amesimama karibu na bawa, kitambaa mkononi. Midomo yake ilifunguka. Avril aliiona ikifunguka, na mpaka leo haamini kwamba hakuwa na nafasi ya kungoja. Lakini hakungoja.

"Yangu," alisema. "Ufito ulikuwa unanizuilia sindano, nikaja nayo kutoka nyumbani niusukume. Ikaniponyoka. Nikaona haya kusema."

"Na mafundo?"

"Mafundo nilisingizia. Nipate sababu ya kukata."

Gethin alimtazama muda mrefu. Kisha akamtazama Len muda mrefu zaidi. Na Len akafunga mdomo.

"Len," Gethin alisema, "wewe ndiye mwenye ubao."

Avril alikwenda mwenyewe akaurudisha mkasi kwenye kivuli chake, akakitoa kipande chake, akasimama kando nacho. Len alikuja. Alitembea umbali ule wa hatua kumi kama anayevuka shamba lililolimwa. Maneno yalikuwa yaleyale ya Desmond, aliyatunga mwenyewe, na kila mtu pale aliyajua.

"Ndege haisamehe," alisema, "na sisi hatuwezi kusamehe kwa niaba yake. Lete kipande."

Mkuki kwa nguruwe, wanasema, lakini kwa nini huwa hawasemi ni nani aliyeushika? Avril akaweka kisahani cha shaba kwenye kiganja cha mumewe. Vidole vya Len vilikuwa baridi kama bomba. Wala hakumtazama usoni.

*

Alipita kwenye ua akiwa ameinamisha kichwa. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana habari mbaya haihitaji gari.

"Nusura utuulie mtoto wa watu," mwanamke mmoja alisema akikunja kiti chake. Mwingine akamvuta mwanawe upande kana kwamba Avril anang'ata.

Kwenye barabara alisikia hatua nyuma yake. Desmond Oakes.

"Kama umekuja kunicheka, Desmond, cheka haraka. Nina safari."

"Hata wewe?" Desmond alisema.

"Hata mimi."

Walitembea pamoja. Desmond alikuwa bado ana ule mwendo wa kazi yake, hatua ndefu, bega moja limeshuka kwa mkoba usiokuwepo.

"Nimepeleka barua miaka thelathini na moja," alisema. "Nikimwona mtu amebeba barua isiyo yake, namjua."

Avril akasimama. "Desmond. Nakuomba. Kwa Mungu nakuomba, usiseme."

"Alinivua kwa tambara."

"Najua."

"Mke wangu alikuwa hospitali wiki ile. Ndiyo maana nilisahau. Hakuniuliza hata sababu."

"Najua, na nilipaswa kuja nyumbani kwako nikakuambia pole, na sikuja. Nakuomba hata hivyo."

Desmond alitazama uwanja wa ndege nyuma yao, watu wakitawanyika. "Sitasema," alisema. "Si kwa ajili yake." Akamsindikiza mpaka kwenye lango, akaigusa kofia yake, akarudi.

*

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miezi ile mitano ya kiti. Wanawake wawili waliletwa kutoka wilaya nyingine kuufunga mkia. Dukani muuzaji alimpa Avril chenji kwa kuiweka juu ya kaunta, asiuguse mkono wake. Kanisani benchi lao lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida. Kadi ya ndege ya miguu sita aliitoa ukutani mwenyewe, kwa kuwa alishindwa kunywa chai akiitazama.

Haya yote angeyabeba. Kilichomvunja ni Len. Kila siku saa mbili alitoka kwenda bandani, saa kumi na moja alirudi. Alikula akiwa ameelekea sahani. Akiulizwa alijibu, ndiyo, hapana, imepoa, imeiva. Usiku alilala upande wa ukuta. Mara moja tu, siku ya nne, alisema kitu kisichoulizwa.

"Mshono wao ni mbaya kuliko wako."

"Unashika lakini?"

"Unashika."

Basi. Avril akaosha vyombo huku machozi yakimdondoka ndani ya maji ya sabuni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nimemnunua, aliwaza, nimemlipia kwa jina langu lote, na sasa nimeletewa mzigo usiosema. Lakini alikuwa anatoka asubuhi. Alikuwa ananyoa. Avril akautazama ufunguo kwenye msumari, akajiambia bei ni bei.

Jumamosi ya pili alikuwa anaanika mashuka alipousikia mngurumo. Injini ile huisikii kwa masikio tu, huingia kifuani. Bikizee alipanda juu ya mashamba ya ngano, akaegemea bawa, akageuka, mkia wake unang'aa. Avril alisimama na pini ya nguo mdomoni. Midomo yake ikalisema lile jibu, polepole, bila sauti. Nenda urudi.

Lango likalia.

Len alikuwa kwenye njia ya bustani, saa nane mchana, saa ambayo alipaswa kuwa uwanjani na bendera ya kumpokea rubani. Hakuwa amevaa koti la kazi. Alipita mbele ya mashuka, akaingia jikoni, naye Avril akamfuata, shuka moja bado liko begani.

Alikuwa ameweka vitu viwili juu ya meza. Vipande vya shaba. Namba kumi na saba, na namba nne.

"Nimewaambia," alisema.

Avril alishika mgongo wa kiti. "Lini?"

"Kabla ya kuwasha. Niliita hesabu, nilipofika bisibisi nikashindwa kupita. Gethin alisema anajua. Tangu siku ile anajua, alikuwa ananingoja. Wiki mbili, Avril, mtu ananiamkia kila asubuhi na ananingoja."

"Wamesemaje?"

"Nilimwomba ayaseme yale maneno. Alikataa. Nikayasema mwenyewe, nikajivua." Akakisukuma kile kipande cha kumi na saba kwa kidole. "Chako nilidhani watakurudishia. Gethin amesema hapana. Mimi kwa bisibisi, wewe kwa kumdanganya mkaguzi. Amesema alilia usiku, lakini hapana."

"Yuko sawa."

"Yuko sawa," Len alikubali. "Rowena ameniambia nikupe mkono." Akaunyoosha mkono wake, ukabaki hewani, na ghafla uso wake wote ukaanguka. "Nilikuacha. Nilisimama pale na kitambaa, nikakuacha. Nikakuambia lete kipande."

Avril aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubana kifuani juu ya shuka bichi. Miaka arobaini na minane ya ndoa, na hakuwahi kumpenda vile, wala hakuwahi kuogopa vile. Kwa sababu hapo ndipo alipouona mwaka mzima umelala mbele yao: kesho saa mbili, na kesho kutwa, na kiti kilekile dirishani. Sasa hakuna pampu tena duniani ya kufungwa kwenye gazeti.

"Kaa," alimwambia. "Hujala. Nitakukaangia mayai."

Alipopita mbele ya mlango kuelekea kwenye jiko aliinua mkono, kama mtu anayejinyoosha tu, akautoa ufunguo wa gereji kwenye msumari na kuutia kwenye mfuko wa aproni. Akawasha moto. Akavunja yai la kwanza. Juu ya paa Bikizee alipita chini kabisa, vikombe vikatetemeka kwenye ndoano zake, kisha ngurumo ikaondoka.

Alipogeuka, Len alikuwa anamwangalia. Alikuwa ameuona mkono, ameuona msumari mtupu. Hakukasirika. Alitia vidole kwenye mfuko wa kizibao chake, mfuko wa ndani, akatoa ufunguo wa pili wa gereji, uliochakaa na kung'aa kwa kushikwashikwa miaka mingi, ambao Avril hakujua kwamba upo. Akaunyoosha kwake.

"Na huu," alisema. "Kaa nao wewe."